Istilahi za Kompyuta na Utegemezi Wetu

Historia ya istilahi za kompyuta nchini Tanzania haitenganiki na historia ya chombo chenyewe. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa ajili ya hesabu za Serikali. Gharama zilikuwa kubwa, na utaalamu ulitoka nje. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Masharti hayo yalilegezwa katika miaka ya 1980.

Maadamu chombo kilikuwa cha wachache, istilahi zake ziliweza kujadiliwa bila haraka. Ngamizi limebaki zaidi katika kurasa za kamusi. Tarakilishi, lililoungwa kutokana na tarakimu na akili, limepata makao zaidi Kenya. Kompyuta ndilo lililoshika Tanzania.

Leo hali ni nyingine. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Hivyo hata mkulima asiyewahi kugusa kompyuta hutegemea kompyuta asiyoiona. Mei 2021 mfumo wa kuuza luku ulipopata hitilafu, wateja walikosa umeme ilhali fedha wanazo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari, intaneti ilizorota nchini na kwa majirani.

Neno luku lina funzo. Lilianza kama kifupisho cha "Lipa Umeme Kadri Utumiavyo". Sasa ni nomino kamili. Watu hununua luku, huazima fedha ya luku, husema luku imekwisha. Lilienea kwa sababu liliingia nyumbani pamoja na kitu chenyewe, likiwa limeundwa kwa maneno ayajuayo kila mtu. Kinyume chake, Jambo OpenOffice ya mwaka 2004 ilithibitisha kwamba programu nzima yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, lakini iliwakuta watumiaji wa maofisini wamekwisha kuzoea amri za Kiingereza.

Utegemezi huu hatuwezi tena kuuepuka kwa marufuku. Hata hivyo, kutegemea chombo si lazima kuandamane na kutegemea mkalimani. Mtu anayetakiwa kukubali masharti ya mkopo kwenye simu, kwa lugha asiyoifahamu, hana budi kumkabidhi mwingine simu yake, pengine na namba yake ya siri. Hapo istilahi si pambo la kamusi. Ni kinga ya mali yake.

Kwa hiyo tunaona inafaa kila taasisi inayoandaa mfumo wa kuhudumia wananchi ishauriane na wanaistilahi kabla mfumo haujaanza kazi. Neno likichelewa, wananchi watakuwa wamekwisha kujitafutia jingine, au wamekwisha kuzoea kubonyeza wasichokielewa.