Simba, Chui ao Kunguru: ekipe ya wanafunzi wa Lusangi inatafuta jina



Jumapili iliyopita nilifika uwanjani hapa Lusangi kuchukua habari ya mechi ya wanafunzi wa sekondari. Kabla mpira haujaanza nikawauliza wachezaji: hewani niwataje kwa jina gani? Kwenye karatasi wanabeba jina la shule. Lakini ekipe hiyo sasa ni nusu watoto wa hapa, nusu watoto wa familia zilizokimbia mapigano upande wa Salamabila, na washabiki wao wanataka jina la kushangilia. Swali langu ndilo lililoleta kelele.

"Simba!" akasema mmoja. "Chui!" akajibu mwingine. Kijana wa hapa akawageukia wenzake waliokuja juzi: "Ninyi tuwaite Wakimbizi, maana kukimbia mnakujua." Kukawa kimya kidogo. Winga mmoja wa upande wa pili akajibu: "Ni kweli tunakujua. Ndiyo maana kocha ametuweka mbele, ninyi amewaacha nyuma." Uwanja mzima ukacheka, na huyo wa kwanza akacheka kuliko wote.

Mama mmoja mzee anayeuza karanga kando ya mstari hakucheka. Alisema tu: "Simba hapana. Si hapa." Vijana hawakumwelewa. Mimi pia nilizaliwa nyuma sana ya mambo hayo, lakini nililelewa na watu walioyaona.

Mwaka wa 1964 waasi walioitwa Simba walipita katika Maniema. Walipakwa dawa na kuambiwa kwamba risasi itageuka maji, wakawa wakipiga kelele "Mai Mulele!" wanaposonga mbele. Mwezi wa saba waliishika Kindu, na mwezi wa nane Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Kule Kindu wakaua makarani na watu wengi waliosoma. Jeshi la serikali pamoja na mamluki wakairudisha Kindu mwezi wa kumi na moja, na kurudi huko nako kuliua watu. Wazazi wa kwetu walikimbilia msituni wakiogopa huku na huku. Ninyi mliolala msituni miaka hii mnajua mama yule alikuwa akikumbuka nini.

Sasa tazama mambo ya mpira. Mwaka wa 1997, Raisi Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa, ekipe ya taifa iliacha kuitwa Chui ikaitwa Simba. Yeye mwenyewe alikuwa katika uasi ule wa 1964. Mwaka uliofuata, kule Burkina Faso, hao Simba walikuwa wamefungwa 4-1 na wenyeji, wakarudisha mpaka 4-4, wakashinda kwa penalti na kuchukua nafasi ya tatu ya Afrika. Nchi nzima ilishangilia, na nadhani hata hapa wako waliolishangilia jina hilo huku wakilikunjia uso. Mwaka wa 2006 jina la Chui likarudi.

Na Chui naye si msafi. Ni mnyama wa Mobutu, aliyevaa ngozi yake kichwani. Chui walichukua kombe la Afrika mwaka wa 1968 na tena 1974, wakawa ekipe ya kwanza ya kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Huko Ujerumani Yugoslavia ikawapiga 9-0. Kijana aliyependekeza Chui alipokumbushwa hiyo tisa, aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Nikawaambia wasijisumbue sana, kwa kuwa hata ekipe kubwa hazikuzaliwa na majina tunayozijulia. TP Mazembe ilianza kama ninyi, watoto wa shule. Mwaka wa 1939, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi, mapadri Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface waliianzisha kwa jina la Saint-Georges. Ikawa Saint-Paul. Mapadri walipoiachilia ikaitwa Englebert, chapa ya matairi ya gari! Mwaka wa 1966 ikawa bingwa bila kupoteza hata mechi moja, ikajiongezea Tout Puissant, mwenye nguvu zote, jina ambalo mapadri wale wangempa Mungu peke yake. Chini ya jina la tairi ilichukua kombe la vilabu vya Afrika mwaka wa 1967 na 1968. Kisha siasa ya Mobutu ya kurudia majina ya kwetu ilipokuja, Englebert ikaondoka, Mazembe ikabaki. Siasa hiyohiyo ndiyo iliyoigeuza Victoria Club ya Kinshasa kuwa Vita. Sisi wa Kiswahili tukisikia "Vita" tunashtuka bure.

Lakini ajabu ya Mazembe ni hii: kwenye nembo yao kuna mamba ameshika mpira mdomoni, na wao wanajiita Kunguru. Wapinzani wamewacheka miaka mingi kwa hilo. Kunguru hao walifika fainali ya vilabu vya dunia kule Abu Dhabi mwaka wa 2010, ekipe ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, wakafungwa 3-0 na Inter ya Milano.

Mwingine akapendekeza Union, kwa ajili ya Maniema Union ya Kindu, iliyoanzishwa mwaka wa 2005 na msimu wa 2024-2025 ikacheza makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika pamoja na Raja, AS FAR na Mamelodi Sundowns. Jina zuri, lina maana kwa ekipe iliyochanganyika namna hii. Wakalikataa wakisema linafanana na jina la chama cha siasa.

Winga yuleyule akasema: basi Kunguru. Mlinda mlango, mtoto wa hapa, akamdharau: "Kunguru mwoga!" Winga akamalizia methali yenyewe: "Hukimbiza ubawa wake. Sisi wetu tumeukimbiza, tuko nao hapa, tunacheza nanyi." Mlinda mlango hakupata la kujibu, na mwamuzi akapiga filimbi.

Mechi iliisha 1-1. Hewani niliwataja kwa jina la shule, maana walikuwa hawajapatana, na jina likishatoka redioni ni vigumu kulirudisha. Jumapili ijayo wanacheza tena. Nilipokuwa naondoka nilimuuliza mama wa karanga anaonaje habari ya Kunguru.

"Kunguru sawa," akasema. "Ila wasiniguse karanga zangu."