Mkuku, injini na maneno yanayozama

Wahenga wa pwani walinena kuwa kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wanafunzi wangu huikariri methali hii barabara, lakini waulize ngama ni nini. Kimya! Maneno hayo yalizaliwa na umbo la chombo cha tanga.

Katika karne ya 1, mwandishi wa Periplus, kitabu cha Kigiriki, alizitaja mashua za kushonwa za pwani yetu. Mtepe wa Lamu, ulioshonwa kwa kamba za makumbi, ulidumu hadi karne ya 20. Jahazi likabaki.

Upepo wa ubavuni husukuma chombo mbele, na kando pia. Mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini unaobeba mataruma, hushika maji chombo kisisombwe. Farumi hukizuia kisipinduke. Ndipo baharia akahitaji kujua joshi, upepo utokako, na demani, uendako.

Boti ya injini je? Hiyo husukumwa na rafadha kutoka nyuma, basi haina haja ya mkuku mrefu. Nyuma yake ni pana na bapa, ili ikishika kasi iinuke na kuteleza juu ya maji. Joshi na demani za nini tena?

Siilaumu injini. Mgonjwa wa Pate anayekimbizwa Lamu hawezi kungoja upepo. Lakini Matondoni wangali wapo mafundi wa majahazi. Sisi wa kamusi tuwaendee na kalamu sasa hivi, la sivyo methali itabaki sauti tupu.