Valvu na Karani Wake

Ni kisanduku cha bati kinachoshikika kwa mkono mmoja. Usoni kina nobu chache za kuzungusha: geini, besi, sauti ya kati, sauti ya juu, na ya kupandisha au kushusha yote kwa pamoja. Ukichungulia ndani unaona chupa mbili za kioo, kila moja fupi kuliko kidole cha shahada. Unakisukuma kwenye tundu la mashine mama mpaka kikamate, unawasha umeme, halafu unasubiri. Sekunde kumi, ishirini. Uzi ulio ndani ya kioo unaanza kuiva kama kaa la mkaa linalopepewa taratibu, na hapo ndipo gitaa linapopata sauti.

Aliyekulia kwenye nyumba yenye redio ya zamani ya mezani anakujua kusubiri huku. Babu aliiwasha mapema, kabla ya taarifa ya habari, kwa sababu redio lazima ipate moto kwanza. Vioo hivyo tuliviita valvu, kwa kuwafuata Waingereza. Wamarekani wanaviita tyubu, neno ambalo kwetu ni mali ya fundi baiskeli, kwa hiyo nitabaki na valvu.

Ndani ya mashine mama yumo mwenzake, ambaye hatoi mwanga wala haimbi: chipu ya dijitali. Kazi yake ni kukumbuka. Kwa karibu miaka 40 sasa, priampu za gitaa, yaani ile hatua ya kwanza ya amplifaya inayoipokea sauti hafifu ya nyuzi na kuipa tabia, zimekuwa zikiendeshwa na hawa wawili, mwimbaji na karani wake. Karani amepanda cheo mara kadhaa. Sasa anakitazama kiti cha bosi.

Valvu inayozungumziwa hapa ina jina kavu la kiwandani: 12AX7. Ulaya wanaiita ECC83. Ilitoka kampuni ya RCA ya Marekani na kuingia sokoni Septemba 1947. Desemba ya mwaka huohuo, kwenye maabara za Bell, transista ikafanya kazi kwa mara ya kwanza. Kwa maneno mengine, valvu hii na muuaji wake walizaliwa wakipishana miezi mitatu tu. Miaka 20 na kitu baadaye transista ilikuwa imeifukuza valvu kwenye redio, kwenye kompyuta, na karibu kila mahali kwenye televisheni isipokuwa kioo chenyewe cha picha. Kwenye gitaa haikuweza.

Kilichoiokoa valvu ni kasoro yake. Ndani ya kioo, bamba moja likipashwa joto linatema elektroni, bamba jingine linazidaka, na katikati upo wavu unaozifungulia au kuzibania njia kwa kufuata mawimbi yanayotoka kwenye gitaa. Ukiupa wavu huo mawimbi makubwa kuliko unavyoyamudu, vilele vyake vinabanwa, lakini havikatwi kwa kisu. Vinalainishwa kwanza, na sauti mpya zinazaliwa juu ya ile uliyoipiga. Mhandisi wa redio aliuita mkwaruzo huu uchafu na kutumia maisha yake kuuondoa. Wapiga gitaa wa Chicago, na baada yao wale wa London, walipandisha sauti makusudi ili waupate. Mkwaruzo ule ndio uliokuja kuwa sauti ya gitaa la umeme lenyewe.

Tatizo lilikuwa kwamba kila amplifaya ilikuwa na lafudhi yake. Zile za Leo Fender, kutoka Fullerton, California, zilisifika kwa sauti safi inayong'aa. Jim Marshall, mwenye duka la vyombo vya muziki Hanwell, London, alipotaka kutengeneza yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, yeye na mafundi wake waliichukua Fender Bassman kama kielelezo, na mkwaruzo uliotoka ukawa wa kabila jingine kabisa. Kufikia miaka ya 1980 mpiga gitaa wa studio za Los Angeles aliweza kudaiwa lafudhi zote hizo kabla ya chakula cha mchana. Jibu lao lilikuwa kuzifunga mashine kwenye kabati moja refu la chuma lenye magurudumu. Wenyewe waliyaita makabati hayo mafriji, na kwa uzito wake jina liliwafaa.

Lililobadilisha mambo lilitoka kwa watu wa kinanda. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, kinanda cha Sequential cha Marekani na kingine cha Roland ya Japani viliunganishwa kwa waya mmoja vikaelewana. Lugha waliyozungumza ni MIDI. Agizo lake la kubadili mpangilio ni fupi ajabu: baiti 2, ya kwanza ikisema "badilisha" na ya pili ikitaja namba moja kati ya 128. Kwa kasi ya waya ule, biti 31,250 kwa sekunde, agizo linafika chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mguu haujanyanyuka kwenye swichi, rilei ndani ya mashine imeshabofya.

Mwaka 1987 kampuni ya ADA ya California ikatoa MP-1, na hapo karani akaajiriwa rasmi. Ni sahani nyembamba ya kufungwa kwenye kabati, yenye valvu 2 za 12AX7 ndani na kumbukumbu ya mipangilio 128. Mesa/Boogie wakafuata na TriAxis mwaka 1991, mashine yenye valvu 5 iliyoziondoa nobu zote usoni. Ulibonyeza vitufe vya kupandisha na kushusha huku ukisoma tarakimu nyekundu. Mwaka uliofuata Marshall wakaleta JMP-1, ambayo Dave Murray na Adrian Smith wa Iron Maiden waliitumia miaka mingi.

Fundi yeyote aliyewahi kuzifungua mashine hizi anajua kichekesho kilichomo. Kumbukumbu ya MP-1, na ya JMP-1 pia, inashikiliwa na betri ndogo ya saa iliyokaa kimya kwenye ubao. Valvu ni kioo, zinachakaa, zinaogopwa kama mayai, lakini ziko za miaka ya 1950 zinazoimba hadi leo. Betri ikifa, mipangilio yote inafutika usiku mmoja. Aliyeajiriwa kukumbuka ndiye aliyesahau wa kwanza.

Miaka ya 1990 mafriji yalitoka kwenye mtindo. Vijana wa Seattle walipanda jukwaani na amplifaya kuukuu na pedali mbili chini, na vyombo vya maelfu ya dola vikaishia kwenye maduka ya mitumba. Lakini wazo la kuchomoa na kuchomeka lilibaki vichwani mwa mafundi. Seymour Duncan alikuwa ameshalijaribu miaka ya 1980 kwa amplifaya aliyoiita Convertible, iliyobadilishwa tabia kwa kuchomeka vijisanduku vidogo. Haikushika. Aliyelivumilia wazo hilo mpaka likazaa ni Bruce Egnater wa Michigan.

Egnater aliliangalia friji la studio akaona kwamba mashine zote zilizomo zinarudia mambo yaleyale: transfoma, umeme mkubwa wa kulisha valvu, matundu ya kutolea sauti. Tofauti halisi kati ya Fender na Marshall, kwenye hatua ya priampu, ni valvu mbili na rundo la vipingamizi na kapasita. Basi kwa nini usitengeneze mwili mmoja, halafu zile lafudhi ukazifunga kila moja kwenye kisanduku chake, yaani moduli? Mfumo huo ulijulikana kama MTS. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Randall ikauchukua kwa leseni na kutoa RM4, yenye matundu manne na MIDI ya kuchagua kati yake. Mwenye pesa ya moduli nne alikuwa na amplifaya nne mahali pa moja, na karani wa kuzipanga foleni.

Hapa nina lawama yangu. Karani wa RM4 kazi yake kuu ilikuwa kuchagua tundu. Nobu zilizokuwa usoni mwa moduli hakuzigusa wala hakuziona. Ukitaka geini kidogo zaidi kwenye wimbo wa tatu, unainama na kuzungusha kwa mkono mbele ya watu, na wimbo wa nne unainama tena. TriAxis ilikuwa imelitatua hilo zaidi ya mwongo mmoja nyuma kwa kuuza raha ya nobu. Watengenezaji wa moduli waliichagua nobu na kuacha kumbukumbu, na sina hakika kama walikosea. Mpiga gitaa husikia kwa vidole. Mpe vitufe vya kupandisha na kushusha, atatafuta sauti kwa macho.

Randall baadaye ikaachana na mfumo huo. Kwa kawaida hapo ndipo hadithi za namna hii zinapoishia: kampuni inageuka, na mteja anabaki na visanduku visivyo na pa kuchomekwa. Lakini mwaka 2017 Egnater, akiwa na fundi mwenzake Dave Friedman na wengine, akarudi na Synergy. Moduli mpya zikawa na chaneli mbili badala ya moja, na majina makubwa ya ufundi huo, kama Soldano, Diezel na Bogner, yakakubali sauti zao zifungwe kwenye visanduku hivyo. Kubwa zaidi kwangu ni jambo ambalo matangazo hayakulipigia kelele nyingi: tundu la mashine mpya lilipokea pia moduli za zamani za Randall na Egnater. Aliyezihifadhi uvunguni akazifuta vumbi na kuendelea na kazi.

Wakati huo karani hakuwa amelala. Mwaka 1998 Line 6 walitoa POD, chombo chekundu chenye umbo la figo kilichoiga amplifaya kadhaa kwa hesabu tupu, bila kioo hata kimoja. Wenye valvu walicheka, na kwa miaka michache walikuwa na haki. Fractal wakaja na Axe-Fx mwaka 2006. Mwaka 2011 Mjerumani Christoph Kemper akaleta mashine isiyoiga amplifaya kutoka kwenye vitabu, bali inayoipigia milio ya majaribio, kuisikiliza inavyojibu, na kuondoka na picha yake. Baadaye Neural DSP wa Helsinki wakaanza kufanya hivyo kwa mitandao ya neva ya kompyuta. Karani sasa anaiga saini ya bosi, na ukizichanganya karatasi mbili mezani wengi hawazitofautishi.

Kwa mpiga solo wa Dar es Salaam anayekwenda ukumbini kwa bajaji, gitaa mgongoni na pedali ya dijitali kwenye mkoba, hukumu ilishatolewa zamani. Anachomeka moja kwa moja kwenye mixa na kazi inaendelea, na mwenye vyombo haulizwi amplifaya. Sitajifanya kwamba moduli za valvu zitamfikia. Hata huko kwao Marekani ni vyombo vya wachache wenye sikio la kudai na mfuko wa kulipia.

Hofu nyingine ya valvu ilitoka kwenye ramani. Valvu za gitaa duniani zimekuwa zikitegemea viwanda vya kuhesabika: kimoja Saratov, Urusi, kinachomilikiwa na Mmarekani Mike Matthews; JJ huko Čadca, Slovakia; na vya China. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza na Urusi kuzuia bidhaa zake kadhaa zisiuzwe nje ya nchi, Matthews aliwaandikia wateja kwamba mzigo wa Saratov umekwama. Kwa majuma kadhaa watu walinunua 12AX7 kama wanavyonunua sukari ikitajwa kuadimika. Mzigo ulifunguliwa baadaye, bei ikabaki juu.

Korg ya Japani ilikuwa imejaribu njia nyingine mwaka 2015. Pamoja na Noritake walitengeneza Nutube, valvu bapa iliyotokana na teknolojia ya vioo vya kuonyeshea tarakimu, inayokula chini ya asilimia 2 ya umeme wa valvu ya kawaida. Iliingia kwenye amplifaya ndogo za Vox na pedali chache. Ni kazi ya akili sana, ila haina pini za kuingia kwenye tundu la 12AX7, na hilo pekee liliifungia milango ya mamilioni ya mashine zilizokwisha kutengenezwa.

Ndiyo maana nikiulizwa priampu hizi zinaelekea wapi, nayaangalia matundu kabla ya kusikiliza sauti. Picha ya Kemper au ya Neural hunasa nobu zilivyokaa siku ile. Anayeipiga lazima awe na valvu halisi chumbani, na mfumo wa moduli unampa lafudhi nyingi kwenye meza moja. Na kwa upande wa pili karani ameanza kupewa kazi zinazomfaa. Two Notes wa Ufaransa, katikati ya miaka ya 2010, walitoa priampu za miguuni zenye valvu halisi mbele na kabati la spika la kuigiza nyuma. Synergy nao walitengeneza kichwa cha amplifaya cha wati 20 kinachomeza moduli na kubeba spika za kidijitali ndani yake, ili sauti iende kwenye mixa bila maikrofoni. Kinachosubiriwa ni moduli ambayo nobu zake zinazungushwa kwa mkono na bado zinakumbukwa. Hughes & Kettner wa Ujerumani walishaonyesha kwenye GrandMeister, amplifaya ya valvu yenye mipangilio 128, kwamba si jambo la miujiza. Ni gharama, na nafasi ndani ya kisanduku.

Itakapokuja, programu yake itazeeka ndani ya miaka kumi na simu iliyoiendesha itakuwa imetupwa. Lakini kioo kikichoka, unazima umeme na kuuacha upungue wote, unaivuta moduli, unaishika valvu kwa vidole viwili, unaitikisa kidogo huku na huku mpaka iachie, unachomeka nyingine. Pini 9, zilizopangwa kama zilivyopangwa 1947.