« Niko na stress »: hili neno lilitoka wapi?

Huku kwetu mashariki, Goma, Bukavu ao Uvira, kila mtu anasema « niko na stress ». Mwanafunzi anayengoja matokeo ya examen d'État analisema, mama aliyekimbia vita na watoto naye vilevile. Neno ni la Kiingereza, hata kama sisi tulilipata kupitia Kifaransa.

Mzizi wake ni wa Kilatini: « stringere », ni kusema kukaza, kama vile unakaza kamba ya mzigo. Wafaransa wa zamani walitoa humo neno la kutaja mahali pembamba, tena mateso. Waingereza wakalichukua kwa maana ya taabu. Katika miaka ya 1800, mainjinia wao wakalipa kazi ingine. Gari nzito likipita juu ya daraja, ile nguvu inayokaza chuma ndiyo « stress ». Chuma chenyewe kikipinda ao kurefuka, hapo wanasema « strain ».

Aliyeliingiza katika utabibu ni daktari Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montréal, Kanada. Mwaka wa 1936 alieleza kwamba panya waliopigwa na baridi, waliojeruhiwa ao waliochokeshwa sana walionyesha alama zilezile: tezi zilizo juu ya figo zilikua kupita kawaida, na tumbo likatoka vidonda. Kisha jambo hilo akaliita « stress ». Miaka ilipopita alisema mwenyewe kwamba angekuwa anajua Kiingereza vizuri, angechagua « strain », juu alikuwa anaeleza mambo yanayotokea ndani ya mwili, si mzigo unaotoka inje.

Ule mchanganyiko tuko nao mpaka leo. Mtu akikuambia « niko na stress », hujui kama anataja mzigo wenyewe (vita, deni, pesa ya nyumba) ao mwili uliolemewa. Kwa maoni yetu, maneno ya hapa yanaona mbali zaidi. « Wasiwasi », lililotoka Kiarabu, ni mnong'ono, sauti ndogo inayosumbua moyoni. Na « roho haitulie », nani haelewi?

Kwa hiyo ukifika centre de santé, usimwachie muuguzi neno moja tu. Mwambie hulale tangu siku ngapi, kama moyo unadunda ovyo, kama chakula hakipite, na yote ilianza kisha jambo gani.