Nyimbo za Kizungu Zilizochelewa Meli

Mgeni akisikia Mwanza inaitwa Rock City hudhani kuna gitaa. Kumbe ni mawe tu, yale majabali yaliyopandana kuanzia Bismarck kule ziwani hadi huku Mkolani, ambako barabara ya Kenyatta inapita ikielekea Buhongwa na Shinyanga. Ila Jumapili jioni, kwenye baa za kando ya barabara hiyo, mgeni huyo hakosei sana. Amapiano ikishawachosha watu, mhudumu huombwa abadilishe flashi. Wanaingia ABBA, Boney M, Dolly Parton, Lionel Richie, na watu wa rika langu, waliokuwa wakilalamikia magoti mchana kutwa, wanasimama.

Vijana wanaziita nyimbo za wahenga. Sawa. Wanachokosea ni kudhani kwamba zilitufikia kirahisi.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, alisikitika kwamba wengi wamejifunza rumba, chachacha, roki na twisti, lakini hawajawahi kucheza wala kusikia ngoma kama gombe sugu, mangala au lelemama. Kwa Wasukuma somo hilo lilikuwa kumfundisha samaki kuogelea. Makundi yao ya Bagalu na Bagika hayakuhitaji wizara ili yapimane ubavu kwa ngoma. Mijini, hotuba ikaja kugeuka amri. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, na Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam. Redio ya ndani huku Bara ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na ilizipa nafasi kubwa bendi za nyumbani. Kwa hilo siilaumu hata kidogo. Bila RTD, leo Mbaraka Mwinshehe tungemkumbuka kwa lipi?

Mwanza, hata hivyo, ilikuwa na mlango wa uani: ziwa. MV Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, iliiunganisha na Bukoba, Port Bell na Kisumu, na kutoka Kisumu reli iliendelea hadi Nairobi, penye viwanda na maduka ya santuri. Santuri ni mzigo mwepesi. Jim Reeves anaenea katikati ya mashati mawili.

Mlango huo ukafungwa mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Angalia bahati yetu: miaka hiyo ndiyo disko ilipofika kilele duniani! Sisi tulibaki na kanda iliyorekodiwa kutoka kwenye kanda, nayo ilitoka kwenye kanda nyingine, hadi sauti ya Bobby Farrell wa Boney M ikawa kama inatoka ndani ya mtungi. Baadaye tukaja kujua kwamba haikuwa hata sauti yake. Aliyeimba studio ni mtayarishaji wao Mjerumani, Frank Farian. Hata hivyo “Rivers of Babylon” ya mwaka 1978 haikumsumbua yeyote aliyelelewa kanisani. Ni Zaburi ya 137, na kabla ya Boney M ilikuwa mali ya The Melodians wa Jamaika.

Kisha nyimbo hizo zikaanza kutujibu kwa lugha yetu. Mwaka 1981 Boney M waliimba “Malaika”, ambayo Fadhili William wa Kenya alikuwa ameirekodi zamani. Mwaka 1983 wakauchukua na ule wimbo wa kuwasalimu watalii wa Them Mushrooms wa Mombasa. Mwaka huohuo Lionel Richie akatoa “All Night Long”, ambamo kuna maneno yenye lafudhi ya Kiafrika tuliyoumiza vichwa kuyatafsiri. Kumbe aliyabuni mwenyewe. Naye Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Huyo tulimjua tukiwa tumeshachelewa.

Redio binafsi ziliporuhusiwa, Radio One ikaanza 1994, na Mwanza nayo ikapata Radio Free Africa yake. Sasa nyimbo zikapigwa wazi, safi, bila mkwaruzo. Lakini zilikuwa zimeshazeeka kwao. Kwetu zilizaliwa zikiwa zilipendwa.

Unaonipendeza zaidi ni “Liberian Girl” wa Michael Jackson, kutoka albamu ya “Bad” ya 1987. Mwanzoni Letta Mbulu wa Afrika Kusini ananong'ona mapenzi kwa Kiswahili, ingawa Liberia hawakizungumzi. Ulipopigwa Mkolani juzi, dereva mmoja wa bodaboda aliinua uso kutoka kwenye simu.

“Mzee, huyu si kaongea Kiswahili?”

“Tulia mwanangu, atarudia.”