Habari Zilipokuwa na Mjumbe

MTANGAZAJI: Leo tunarudi nyuma, tuone habari za nyumbani ziliwafikiaje waliovuka kabla yetu.

Desemba 2000 Pweto iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD, na maelfu wakakimbilia Zambia, upande huu wa Chienge na Ziwa Mweru. Wengi waliishia kambi ya Kala, Kawambwa. Simu ya mkononi ilikuwa adimu. Habari ilikuja na mtu: mvuvi, mchuuzi, au shangazi aliyevuka jana. Ama ilikuja kwa karatasi ya Msalaba Mwekundu, isiyofungwa kwa bahasha, yenye habari za familia tu, bila siasa. Kama ilibeba kifo, mtu wa kujitolea aliileta mwenyewe, akaketi nawe. Ndivyo na kwetu: taarifa ya msiba haipigwi kelele njiani, wazee hutangulia.

Tusizipambe siku hizo. Kuna mama aliyekaa miezi bila kujua kama mwanawe yu hai, na kungoja huko nako kunaumiza.

Walioanza kuvuka mwaka 2017, na kuhamia Mantapala ilipofunguliwa mwanzoni mwa 2018, wengi walikuja na simu. Sasa picha ya maiti inaingia WhatsApp saa tano usiku, uko peke yako kwenye hema, hakuna mzee aliyetangulia. Pengine si ya kijiji chako, wala si ya mwaka huu. Moyo haungoji kuuliza. Kifua kinabana, usingizi unakatika, na mkono unairudia simu.

Kisha, 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo ilikata intaneti kwa karibu majuma matatu. Waliozoea habari za kila saa wakawa kama watu wa Kala, ila bila mazoea ya kungoja. Kimya kile kiliwajaza watu hofu kuliko picha.

Aprili 2020 WhatsApp iliweka kikomo: ujumbe uliokwisha kupita kwa wengi, wenye alama ya mishale miwili, hupelekwa kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Mishale hiyo haisemi kama habari ni kweli au uongo. Ukiiona kwenye picha inayosemekana ni ya Pweto, mpigie kwanza mtu aliyeko Pweto.