Qabiil na Hesabu Zake

Watangazaji wetu wa redio hupata taabu kila inapokuja habari ya Mogadishu. Wakisema "makabila ya Somalia", msikilizaji wa Morogoro au Kisii anadhani ni watu wenye lugha tofauti, vyakula tofauti na ngoma tofauti. Wakisema "koo", anafikiria vikao vya harusi na ugomvi wa mirathi. Neno la Kisomali ni qabiil, na limetoka kwenye Kiarabu kama kabila letu. Lakini Mhawiye na Mdarod, watu wa qabiil mbili tofauti, wanaelekea kibla kimoja na wanaongea Kisomali (wasemaji wa Maay kule kusini watanikatiza hapa, na wana haki). Kinachowatenga ni baba wa baba wa baba.

Ndiyo maana naiona qabiil kuwa neno la hesabu kabla ya kuwa neno la siasa. Mtoto hufundishwa abtirsiinyo, yaani kuhesabu mababu: jina lake, la baba yake, la babu yake, hadi kwa mwasisi. Sisi tuna nasaba, ila kwetu nasaba ni sifa, mtu anayo au hana. Abtirsiinyo ni kazi ya ulimi. Wasomali wawili wakihesabu, watafika mahali majina yanapokutana, na hapo ndipo kila mmoja anapojua mwenzake ni nani kwake.

Hesabu ya pili ni mag, ambayo Waswahili wa zamani tuliijua kwa jina la Kiarabu, dia. Mtu akiuawa, xeer, ambayo ni sheria ya mila, ilidai ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Ngamia hao hawakutolewa na muuaji peke yake. Walitolewa na wote waliofungamana naye kulipa pamoja na kupokea pamoja. Kundi hilo la walipaji ndilo lililomlinda mfugaji nyikani, likamwamua na likamfidia, mahali ambapo hapakuwa na polisi wala mahakama. Nasikia watu wakilitafsiri jambo lote hili kwa neno "ukabila" na naona wamelidhulumu.

Wazalendo wa Kisomali walitaka kuizika qabiil mapema. Chama cha vijana kilichoanzishwa Mogadishu mwaka 1943, kilichokuja kuitwa SYL, kiliwataka wanachama wajitaje kuwa Wasomali tu. Baada ya uhuru wa 1960 ikawa aibu mjini kumuuliza mtu qabiil yake, basi watu wakaazima kiambishi cha Kizungu: "Eks yako ni ipi?" Yaani, ile uliyokuwa nayo zamani. Sijakutana na ujanja wa lugha unaoushinda huu. Kitu kimefutwa, na hapohapo kinaulizwa kwa jina la kufutwa kwake. Machi 1969 vyama zaidi ya 60 viligombea viti 123 vya bunge, na ukivitazama vingi kwa karibu ulikuta eks nyuma ya kila nembo. Oktoba 15 mwaka huohuo Rais Abdirashid Ali Sharmarke akauawa, na siku sita baadaye jeshi likatwaa nchi.

Siad Barre, aliyeongoza mapinduzi hayo, alipiga marufuku hata eks. Sanamu za ukabila zilichomwa na kuzikwa hadharani, dia ikafutwa, muuaji akaahidiwa kifo. Salamu ya ina'adeer, mtoto wa ami (Mswahili ataitambua papo hapo: ndiyo binamu yetu, bin ammu), ikaondolewa na kuwekwa jaalle, rafiki wa kimapinduzi. Mtanzania atakumbuka "Ndugu" ya siku za TANU, lakini hazifanani. Nyerere alichukua neno la damu akalitanua hadi likafunika taifa zima, ilhali Siad Barre alilitupa neno la damu na kutafuta lisilo na ukoo. Na huku majaalle wakiitana, watu walinong'onezana herufi tatu kuhusu serikali yake, MOD: Marehan wa baba yake, Ogaden wa mama yake, Dhulbahante wa mkwewe. Alipotimuliwa Mogadishu Januari 1991, qabiil ilirudi bila kiambishi. Iliulizwa waziwazi vizuizini, na jibu likaamua nani apite.

Waliotaka kuijenga dola upya hawakujaribu tena kulifuta neno. Waliligeuza tarakimu. Mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000 uligawa viti kwa fomula inayoitwa nne nukta tano: Darod, Hawiye, Dir na Digil-Mirifle kila mmoja fungu zima, waliobaki wote nusu. Bungeni, chini ya katiba ya muda ya 2012, hesabu ilikuwa viti 61 mara nne, na 31 kwa wa nusu, jumla 275. Nusu ya 61 ni 30 na nusu, hivyo angalau hapo walikadiriwa kwa juu.

Na nusu hao ni akina nani? Ni pamoja na Wabarawa wenye Chimwiini, Wabajuni wa Kismayu na visiwani, na watu wa bonde la Juba walioitwa "Wabantu wa Somalia" na mashirika ya misaada miaka ya tisini. Miongoni mwao wako Wazigua, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nchi ya Handeni, na ambao baadhi yao walirejea huko kama wakimbizi na kupewa uraia wa Tanzania wakiwa bado wanasema Kizigua. Tukisoma "nukta tano" magazetini, tujue kuwa jamaa zetu wa lugha wamo ndani ya nukta hiyo.

Wapinzani wa fomula hudai qof iyo cod, mtu na kura yake. Cod ni sauti. Kura yetu asili yake ni bahati nasibu, kwa hiyo hapa Wasomali wametushinda kwa adabu. Somaliland, iliyojitangazia uhuru 1991, ndiyo iliyotangulia kulijaribu dai hilo, na katiba yake ikaruhusu vyama vitatu tu ili kila ukoo usiwe na chama chake. Katika uchaguzi wa rais wa Aprili 2003 Dahir Riyale Kahin, Mgadabursi, alitangazwa kumshinda Ahmed Silanyo, Mwisaaq, katika nchi ambayo Waisaaq ndio wengi. Tofauti ilikuwa kura 80. Wapigakura wengi walifuata nasaba kama kawaida, lakini Riyale asingefika hapo bila sauti za Waisaaq. Silanyo alipinga, akashindwa mahakamani, akakubali. Mwaka 2010 akagombea tena na kushinda, na Riyale akamkabidhi ofisi.